Chumba cha Mkwe

Jengo zima pale Tumba, Uswidi, lilimsifu Cyprian, na mkewe Winifrida akatembea kifua mbele kana kwamba sifa zile ni zake.

Kampuni ya nyumba ilikuwa imekataa kununua boila jipya, mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto. Cyprian, fundi wao, akaambiwa afanye ajuavyo ili mafuta yapungue. Basi msimu wote wa majani kupukutika alipita nyumba hadi nyumba, akitoa hewa iliyokwama ndani ya redieta, vile vyuma vya ukutani vipitishavyo maji ya moto, na kuziba nyufa za madirisha. Ghorofa za chini, ambako watu walifungua madirisha kwa joto huku wa juu wakilala na makoti, alizikaza koki. Maji ya moto yakapanda. Joto lilipoenea sawasawa, akapunguza moto wa boila.

"Wewe Mtanzania, umeniibia joto!" Ssemakula, jirani Mganda wa chini, alimtania ngazini. "Nilikuwa nakaa na fulana kama niko Masaka."

"Joto lako analo mama mkwe wangu, ndugu yangu. Panda ukamdai."

Mama mkwe huyo, Mama Dafrosa, alikuwa ametoka Bukoba kuja kumlelea Winifrida kichanga ili amalize shule ya jioni. Winifrida hakuomba kingine kwa Mungu: mama yake akae mpaka mtoto atembee. Alimpa chumba cha mwisho koridoni. Na kwa walivyolelewa wote, mkwe haingii anapolala mama wa mkewe, wala hawasemezani uso kwa uso. Maneno yao yalipita kwa Milly, wa miaka minne.

"Milly, muulize bibi, joto linamtosha?"

"Mwambie baba linatosha, Mungu ambariki."

"Mormor fryser!" Milly alijibu kwa Kiswidi chake cha chekechea. "Bibi anasikia baridi!"

"Kitoto hiki!" Bibi alicheka. "Mzee huona baridi hata juani."

Wakacheka wote. Nani amlalamikie mkwe ndani ya nyumba ya mkwe?

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Winifrida akachemsha tangawizi, akaongeza blanketi. Mwezi wa kwanza Mama Dafrosa akashindwa kuinuka, gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya Flemingsberg. Nimonia, daktari alisema.

Winifrida alirudi kumchukulia kanga. Alipoinama kitandani, mkono wake ukagusa redieta. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Baba Milly! Hii hukuitoa hewa?"

Cyprian alikuja akasimama mlangoni, macho yake koridoni. "Ningeingiaje humo? Nilijua umeifungua wewe. Si nilikuonyesha ile ya sebuleni?"

"Mimi nilijua ulianza na hii, kabla hajaja."

Cyprian alitoa mfukoni ufunguo mdogo wa kutolea hewa.

"Halafu nikapunguza moto wa boila," Cyprian alisema.

Akamrushia ufunguo, akageuka kukipa mgongo kitanda cha mkwe. "Zungusha kidogo. Ikilia, iache ilie. Maji yakitoka, funga."

Hewa ilitoka muda mrefu, kama pumzi ya mtu aliyejibana. Kisha chuma kikaanza kupata moto. Winifrida akatandika shuka safi, akakimbilia treni ya kurudi hospitalini.

"Mama, chumba chako kina joto sasa. Ukitoka hapa utaona."

Mama Dafrosa alimshika kidole. "Mkwe wangu asijue kwamba niliona baridi," alisema kwa pumzi fupi. "Atajilaumu bure. Ni mtu mwema."

"Hatajua, Mama."

Alifariki Jumapili, kabla ya misa.

Winifrida aliporudi alikwenda moja kwa moja kuketi kwenye kile kitanda. Mle ndani mlikuwa na joto zuri, lile alilomtakia mama yake siku zote. Cyprian alifika mlangoni na kichanga begani, akasimama pale pale, vidole vya miguu vikigusa kizingiti.

"Ingia, baba Milly," Winifrida alisema. "Hamna mkwe humu tena."

Akaingia kwa kunyata, kama kuna mtu amelala.