Mke Mwenza wa Bweni la Tatu

Ndoo inagongwa ukutani mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, na mlio wake unapita chini ya mlango kabla hata ndege hawajaamka. Sekela anausikia akiwa ameketi kitandani, kompyuta mapajani. Anajua ni Bibi Kashindye, msafishaji wa bweni, anawajulisha wasichana wanaobebwa kwamba leo msimamizi anapita kukagua, waondoke mapema kwa mlango wa sehemu ya kufulia. Kubebwa ni hivi: chuo kimekukosesha chumba, mwenzako aliyepata anakugawia nusu ya kitanda chake, nanyi mnasemwa mnabebana. Imekatazwa, lakini wanabebana. Grasiana, anayebebwa na Sekela, anainuka gizani, anavaa, na kabla hajatoka anamfunika mwenzake kanga mabegani. Sekela anabaki na ukurasa wake wa arobaini na moja. Saa mbili asubuhi lazima umfikie mwalimu wake, na ndio ukurasa ambao mwalimu ameusifu kuliko yote, akasema hapa ndipo utafiti wako unapumua. Utafiti wenyewe ni wa siasa za chuoni, si zile za mabango na kura, bali za nani analala upande wa ukuta na nani pembeni, nani anawahi maji na nani anampisha. Ukurasa huo una ndoo, una mlango, una bibi anayetaniana na wasichana wote na kuwaita mke mwenza. Jina Sekela amelibadilisha. Amemwita Mshiriki wa Nne, akaona yametosha. Anafumba macho kidogo tu, apumzishe shingo.

Anapoyafumbua mguu mmoja umeshavuka kizingiti, na ukumbi wa bweni hauna mwisho. Milango inaendelea kulia na kushoto, kisha milango inaisha na ukumbi unakuwa barabara, na kando ya barabara kuna vimbweta, zile meza za zege za kusomea nje, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kina daftari la kushikia nafasi na hakuna aliyekaa. Sekela anatembea. Haogopi, anashangaa tu kwamba hachoki. Barabara inaingia mji wa mabweni, na mabweni ya kushoto ni yale yale ya kulia yaliyogeuzwa, namba za milango zinasomeka kinyume, nguo kwenye kamba zinapepea upande usio na upepo. Watu wanapita, mmoja mgongoni kwa mwingine, na hakuna mwenye uso. Pale pa uso pako laini kama yai lililomenywa. Leo ukutani ni mimi, anasema aliye mgongoni. Wewe jana ulikuwa ukutani, tena ulikoroma kama mashine ya kusaga, anajibu aliyembeba. Mimi nakoroma? Nilikuwa najisomea kwa sauti! Wanacheka bila midomo, kisha wa chini anapanda juu, wa juu anashuka chini, safari inaendelea. Sekela anaandika nani alikuwa juu na nani chini. Haandiki kwamba aliyeshuka alimfunga mwenzake kamba za viatu kwanza. Analiona, lakini haliandiki.

Njia panda amesimama mtu mwenye kipande cha karatasi kifuani, Mshiriki wa Kwanza, kwa mwandiko wa Sekela mwenyewe. Uso wako uko wapi, Sekela anamuuliza. Uliufuta wewe, anasema yule, si ulisema ni kwa usalama wangu? Haya, kitendawili. Tega, anajibu Sekela, maana ndivyo alivyozoeshwa nyumbani. Nimefunikwa gubigubi, na mtaa mzima unanisalimia. Sekela anafikiri. Anasema jua. Hapana. Anasema maiti. Ondoa mkosi, hapana, nipe mji. Ndiyo desturi, asiyejua hutoa mji, basi Sekela anatoa ule ule wa mabweni yaliyogeuzwa, na mji unakunjwa kama shuka, unaingia mfukoni mwa yule mtu, na wao wako penye mji mwingine. Huku kuna kampeni. Mgombea asiye na uso amepanda juu ya pipa anaahidi maji ya moto kila ghorofa, na msichana mmoja anapaza sauti, baba, anza na ya baridi! Umati unaangua kicheko. Yule wa njia panda anamgeukia Sekela, umepata jibu? Bado. Nipe mji. Sekela anatoa na huu, mgombea na pipa lake wanakunjwa wakiwa bado wanaahidi. Sasa mbele yao limebaki jengo moja, nalo ni Bweni la Tatu, taa ya ukumbini inawaka, kanga za wasichana ziko kwenye kamba. Yule wa njia panda ananyoosha mkono. Nipe huo.

Huo siutoi, anasema Sekela. Basi toa jibu, anasema yule. Na hapo jibu linamjia lote kwa mara moja, linafika hadi kwenye meno, lakini nyuma yake amesimama msimamizi wa bweni na orodha mkononi, anasubiri alisikie. Akikaa kimya bweni linakunjwa na wasichana wake ndani. Akitamka, amemtaja mtu. Anaziba mdomo kwa viganja viwili. Ndipo ukumbini anatokea bibi mmoja asiye na uso, na ndoo yake, anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto, na kutoka mbali anasema, mke mwenza, mbona umesimama juani? Na wote wale wasio na nyuso wanageuka pamoja. Shikamoo Bibi Kashindye! Msimamizi anaandika. Anaipokea ndoo kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, na hairudishi. Lakini jina nilibadilisha, analia Sekela, nilibadilisha, Bibi! Bibi hana hasira. Anamfuta machozi kwa upindo wa kitenge. Mke mwenza, anasema, ulinivalisha baibui vizuri kabisa, ukaniacha na viatu vyangu ambavyo mtaa mzima unavijua. Wasichana wote uliwauliza maswali yako. Mimi hukuniuliza.

Sekela yuko kitandani. Kanga iko mabegani, jua limeingia, na ukurasa wa arobaini na moja ni mweupe, una namba yake tu. Hajui kama aliufuta kabla hajalala, au mkono uliufuta wenyewe, au kule ndiko amekwenda na huku ndiko analala. Nakala nyingine anayo, kidole kimoja tu kingeirudisha. Anamwandikia mwalimu wake, nitachelewa, kuna mtu sijamuuliza, kisha anatoka peku.

Bibi Kashindye anapiga deki mwisho wa ukumbi, dirisha liko nyuma yake, mwanga mwingi, uso hauonekani vizuri. Shikamoo Bibi. Marahaba mke mwenza, mbona peku, utateleza. Sekela anakaa chini penye pakavu, anamweleza yote aliyoyaandika, ndoo, mlango, utani. Bibi anacheka, kisha anaacha kucheka. Imebaki miezi minne nistaafu, anasema. Ndoo toa. Mlango toa. Na mke mwenza, Bibi? Hilo ndilo la kutoa kwanza, nani mwingine anawaita hivyo? Anakamua tambara. Mwaka jana miguu ilinivimba, nikafika hapa nimechelewa nalia, nikakuta kumbi zote tatu zimeshapigwa deki na wasichana wamerudi kulala. Sikuwatuma. Sasa hapo nani alimbeba nani? Sekela anauliza kama anaweza kuliandika hilo. Hilo nimekupa wewe, anasema Bibi, sikuipa karatasi. Na ile miji yako miwili, yule wa njia panda amekurudishia?

Sekela anamtazama. Hakumbuki kama alimsimulia habari ya miji.

Haya, nenda ukavae viatu, anasema Bibi Kashindye, akisogeza ndoo ampishe njia. Na kesho uje tena, tukae kidogo. Daftari uliache chumbani.