Nyanya za Zambarau

Asubuhi hiyo mtafiti, aliyekuwa safarini tangu Jumamosi, aliingia kwenye banda la kioo, na hata mkoba hajautua begani, akaona vikonyo vitatu vitupu. Vibandiko vyenye namba bado vilining'inia kwenye matawi. Nyanya zenyewe hazikuwapo.

Akapiga magoti. Akapekua chini ya majani, nyuma ya vyungu, kwenye mifereji ya maji. Hola. Panya angeacha mabaki, na ndege hakuwa na pa kupenya. Vikonyo vilikuwa vimekatwa kwa ukucha, taratibu, na mtu aliyejua kuchuma.

Miaka sita alizilea nyanya hizo kama mboni ya jicho. Alichukua jeni za ua moja la bustanini, akazipandikiza kwenye nyanya ya kawaida, mpaka tunda likatoka la zambarau nje na ndani. Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa ikisakwa, kwa sababu hubeba viini vinavyozikinga chembe za mwili zisichakae upesi. Lakini aliyeruhusiwa kuonja bado alikuwa panya wa maabara peke yake. Tunda halikutakiwa kuvuka mlango.

Alichemsha chai akaisahau. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Wenye funguo walikuwa watatu: yeye, mkuu wa kituo, na Mama Mvua, mama wa makamo aliyemwagilia mimea na kupewa jina hilo kwa kazi yake. Na leo Mama Mvua alituma ujumbe kwamba mumewe, mgonjwa wa presha, amezidiwa.

Hapo akakumbuka wiki iliyopita, wageni walipokuja na kamera. Mkuu alimkonyeza aseme kitu kitamu, naye akainua tunda juu na kusema, "Mtu akila hili kila siku, moyo wake utamshukuru." Wageni walipiga makofi. Mama Mvua alikuwa pale pale nyuma yao, kashika mpira wa maji.

"Narudi sasa hivi," alimwambia mlinzi, akatoka karibu mbio.

Nyumba ya Mama Mvua ilikuwa mitaa miwili tu nyuma ya kituo. Mwenyewe alifungua mlango, na alipomwona aliyesimama pale akafunika mdomo kwa kanga.

"Daktari, nimekukosea."

"Amekula zote, mama?"

"Mbili nzima. Ya tatu imebaki nusu."

Mume, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Vidonge vya presha umemeza leo?"

"Vya nini tena? Nimeviacha tangu Jumatatu." Alimtazama kwa jicho moja, lile jingine kalifumba kwa maumivu. "Si wewe uliyesema moyo utashukuru? Wewe si daktari?"

"Daktari wa mimea, baba. Mimi sindano yenyewe naiogopa."

"Basi nimetibiwa na mkulima," fundi alisema, akajaribu kucheka, kicheko kikamgeukia kuwa mguno.

Walimshika huku na huku mpaka zahanati. Muuguzi alisoma kipimo, akakifunga upya mkononi, akasoma tena. Alimlaza, akamchoma sindano, kisha akageuka.

"Kuna kitu amekula tofauti na siku zote?"

Mama Mvua aliangalia sakafu. Mtafiti akisema, kitalu chote kitateketezwa, hiyo ndiyo sheria. Akinyamaza, mtu aliyelala pale atatibiwa kwa kubahatisha.

"Amekula nyanya zangu," alisema. "Zimebadilishwa jeni. Hazijaruhusiwa kuliwa na watu."

Alitoka hadi koridoni, akampigia mkuu wa kituo. Alizunguka kutoka dirishani mpaka mlangoni huku akisikiliza.

"Ungeniuliza kwanza kabla ya kufungua mdomo!"

"Ningekuuliza, ungeniambia nifunge."

Mkuu alikata simu.

Kufikia alasiri presha ilikuwa imeshuka. Daktari wa zahanati alisema kilichomwangusha ni vidonge alivyoviacha. Kuhusu nyanya, hakuona dalili yoyote, lakini hangeapa. Fundi alipopata nguvu ya kuongea, alimwita mtafiti karibu.

"Lakini tamu ilikuwa, mwanangu."

Mtafiti alijua si wakati wake, ila swali lilimponyoka. "Tamu vipi?" Miaka sita, yeye mwenyewe hajawahi kuonja.

"Kama nyanya iliyoiva ikasahauliwa juani. Halafu mwishoni ina ukali, unauma ulimi kidogo."

Wakaguzi walifika kesho yake. Waling'oa mimea yote, wakaichoma kwenye shimo nyuma ya banda, pamoja na ile nusu iliyorudishwa ndani ya mfuko. Mradi ukasimamishwa mwaka mzima. Mkuu alitaka Mama Mvua afukuzwe siku hiyo hiyo. Mtafiti akaandika barua: maneno yaliyompoteza mama huyu yalitoka kinywani mwangu mbele ya wageni, na anayetaka kumwadhibu aanze na mimi. Walimwacha na kazi, ila wakamnyang'anya ufunguo, wakamhamishia bustani ya nje, kwenye majani na maua ya getini. Mtafiti alipewa onyo la maandishi.

Wiki mbili Mama Mvua hakumsalimia. Ya tatu alimsimamisha njiani, ndoo mkononi.

"Mzee anakusalimu. Anameza vidonge vyake, namsimamia mwenyewe."

"Nashukuru, mama. Na wewe?"

"Ulinitetea, nimesikia. Lakini ule ufunguo nilikaa nao miaka kumi na moja." Alibadilisha ndoo mkono. "Na kama ningekuuliza siku ile iwapo nyanya inaponya au haiponyi, ungenijibu nini?"

"Ningekwambia sijui."

"Sasa si ungesema hivyo kwa wale wageni?"

Akaenda zake kumwagilia. Mtafiti aliingia bandani, akatembea kati ya vyungu vitupu kwenda na kurudi, akavipanga upya, kisha akavirudisha kama vilivyokuwa.