Maji Mbele ya Gari

Figo za mume wangu Velko zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki ilikuwa lazima asafishwe damu hospitalini, mjini Smolyan, la sivyo nimzike. Gari letu liligoma, theluji ikaanza, akakosa zamu yake moja. Asubuhi ile alikuwa amevimba uso na anapumua kwa shida.

Binamu yake Asen, muuza magari, alikuwa ametuletea mawili hadi uani tuchague. Yote yalivuta kwa magurudumu manne. Moja dogo, jingine stesheni wagoni refu.

"Dogo," nilisema. "Kichochoro chetu chembamba, kuta huku na huku."

"Shemeji, kubwa limepanda, litashindwaje kushuka?" Asen akacheka.

"Mimi nataka kulala," Velko akasema. "Nikitoka kwenye ile mashine siwezi hata kukaa. Na nikifa, jeneza litaenea humo humo."

"Funga domo lako!" nilimfokea, kisha nikakubali. Nani angebishana na uso ule?

Mama mkwe wangu, Stana, akatoka na ndoo yake ya shaba. Kwetu mtu haendi kwenye jambo zito bila kumwagiwa maji njiani, ili mambo yamwendee kama maji. Stana alimwaga ndoo nzima mbele ya matairi, maana mwana alikuwa naye mmoja tu. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe, nami niliona, na bado nikasema amina. Tulipomaliza kumlaza Velko nyuma na kumfunika mablanketi, mawe ya kichochoro yalikuwa yanang'aa kwa barafu.

Nilishika usukani, tukaanza kushuka. Nilikanyaga breki, gari halikunisikia. Liliserereka mteremkoni, likageuka upande, likajibana kati ya kuta mbili. Hakuna mlango uliofunguka. Lile dogo lilibaki uani juu yetu, halina pa kupita.

"Velko!"

"Nipo," akasema. "Kwa sasa."

Asen alipanda juu ya paa la gari akiwa na shoka. Gari lilikuwa bado mali yake, lakini alivunja kioo cha mbele. Tukamburuta mume wangu ndani ya blanketi, juu ya boneti, hadi barabara ya chini, tukasimamisha lori la kuni. Dereva akambeba mwenyewe hadi kitini.

Nilikuwa nimeshapanda nilipomwona Stana akija mbio, ndoo imejaa tena. Alisimama mbele ya lori.

"Nimwage, mwanangu? Au nisimwage?"

Nilikuwa na hasira ya kumpiga. Lakini kumpeleka Velko bila maji, katika hali ile, kulinitisha zaidi.

"Mwaga, mama."

Akamwaga. Kisha akapiga magoti barabarani, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuyafuta maji haraka haraka kabla hayajaganda.