Mbio Zilizofutwa

Jumapili ya tarehe 14 Desemba 2008, saa tisa na dakika ishirini alasiri, goti la kushoto la Jericho Tibbs lilikatika hatua kumi kutoka niliposimama. Mimi ndiye niliyeshika hesabu. Ninaliandika hilo mwanzo kabisa, maana watu wa timu wakisimulia siku ile huanza na theluji. Theluji haikuwa na kosa.

Naitwa Casimir Jablonski. Kwenye timu ya Wahunzi wa Toledo kila mtu aliniita Cass, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtu wa stoo: kukaza skrubu za helmeti, kushona jezi zilizochanika, kufua taulo zisizokwisha. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kiwanda cha vioo, na kabla ya kiwanda nilikuwa darasa la tisa, nikaishia hapo. Wakubwa wa timu wamesoma. Mke wangu Loretta alipofariki, hao waliosoma walinipa siku mbili za msiba. Siku ya tatu Kocha Haldane akapiga simu kuuliza glavu za baridi ziko kabati gani. Nikamwambia. Kisha nikavaa koti nikaenda kumwonyesha, kwa sababu nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kunizuia.

Mchezo wetu ni futiboli ya Kimarekani, na Jericho alikuwa mbeba mpira wetu. Kazi ya mbeba mpira ni hii: unapewa mpira mkononi, unajitosa kwenye ukuta wa wanaume wenye uzito wa gunia na nusu la mahindi kila mmoja, wanakuangusha, unainuka, unapewa tena. Alikuwa na miaka ishirini na tano, na tayari wakubwa walikuwa wanamwongelea kama gari kuukuu, bado litafika wapi. Msimu ule goti lilivimba, akakaa nje mechi nne. Aliporudi, Daktari Oyler, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu, aliandika ubaoni kwa kalamu nyekundu: kumi na tano. Mbio kumi na tano kwa mechi, halafu anakaa benchi, hata kama imebaki yadi moja tufunge.

Kuhesabu wakanipa mimi, kwa kuwa nilisimama karibu na benchi siku zote na helmeti za akiba. Nikapewa kile kidude cha chuma cha kuhesabia watu mlangoni, unakibofya kwa dole gumba, namba inapanda. Jericho akiangushwa, nabofya. Ikifika kumi na tano, nainua ngumi juu, kocha anamtoa.

Mnaweza kuona ni kazi ya mtoto. Haikuwa hivyo. Kwenye mchezo wetu mbeba mpira haombi kutoka. Akiomba mara moja, wenzake wananyamaza, mashabiki wanamzomea, na wakubwa wanaandika kwenye faili lake neno "laini". Jericho aliniambia mwenyewe, Ijumaa moja, amekaa juu ya kreti la mipira stoo kwangu, ananiibia soseji zangu.

"Mzee, hizi soseji zako zinanuka kama soksi za mabeki."

"Basi acha kula."

"Sijasema mbaya. Nimesema zinanuka." Akatafuna, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mzee. Mimi sijui kusema nimechoka. Sikufundishwa. Nikiwa na miguu miwili au mmoja nitaenda tu wakiniita. Wewe ndiye utakayesema kwa niaba yangu. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Usiniangalie usoni ukihesabu. Nitakudanganya kwa uso. Wewe bofya tu."

Nikamwahidi. Mechi tatu nilitimiza. Mara moja niliinua ngumi tukiwa tumebakiza yadi mbili, uwanja mzima ukanizomea mimi, mtu wa taulo, na Jericho akanipita akaninong'oneza, "Mungu akubariki." Sikuwahi kuzomewa kwa raha kama siku ile.

Sasa ile Jumapili. Tukishinda tunaingia mtoano, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Asubuhi kocha akanikuta chumba cha kufulia. Hajawahi kuingia chumba cha kufulia.

"Cass, mzee mzima. Unahesabuje?"

"Akipewa mpira akaangushwa, nabofya."

"Hata kibendera kikirushwa?"

Hapa nieleze kidogo. Mwamuzi akiona kosa, anarusha kibendera cha njano. Kosa likiwa letu, mchezo unarudishwa nyuma na zile mbio zinafutwa. Kwenye vitabu vya ligi hazipo. Jericho anaweza kukimbia yadi thelathini, akabebwa na watu watatu akabamizwa chini, halafu ikatangazwa kwamba halijatokea lolote.

"Hata hivyo nabofya," nikasema. "Si ameanguka?"

Kocha akachukua taulo, akalikunja, akaliweka, akalichukua tena. "Hesabu kile inachohesabu ligi. Daktari amesema mbio kumi na tano, na mbio zilizofutwa si mbio. Tumeelewana?"

"Daktari anajua?"

"Daktari ana kazi yake. Halafu Cass, watu wa ghorofani wananiuliza kazi yako wewe ni nini hasa. Nimewaambia nitawajibu baada ya msimu."

Akatoka. Angenitukana ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Yeye alinitisha kwa upole, na mimi nikaendelea kukunja taulo.

Mchezo ulianza saa saba mchana, upepo wa ziwani unakata masikio. Watu wetu wa mbele, wale wanaomfungulia Jericho njia, hawakuwa na mahali pa kukanyaga kwa utelezi, wakawa wanawakumbatia wapinzani kama watu harusini, na kumshika mtu hivyo ni kosa. Vibendera vikaruka. Mbio za kwanza zilizofutwa, sikubofya. Za pili dole gumba likabofya lenyewe, kwa mazoea. Kocha alikuwa ananitazama.

"Umebofya nini?"

"Limeteleza."

"Rudisha."

Kile kidude hakirudi nyuma kwa moja. Unazungusha kitufe pembeni, kinakwenda sifuri, unaanza upya. Nikakizungusha. Kisha nikasimama pale kwenye theluji, mtu wa miaka sitini na tatu, nikabofya moja, mbili, tatu, nne, tano, nikaishia hapo. Jericho alikuwa uwanjani wakati huo, mbavu zake zimeshaangukiwa mara saba. Nilijua. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba sikujua.

Robo ya tatu, beki mmoja wa wageni, jitu lenye ndevu za njano, alimwangusha kisha akamwegemea makusudi.

"Bi harusi," akamwambia, "bado unachechemea? Nikuitie fundi viatu?"

"Mwambie mama yako aache kunipigia simu kwanza," Jericho akajibu, akainuka. Benchi letu likacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaona ameinuka kwa mikono kwanza, miguu ikafuata, kama ng'ombe. Kibendera kilikuwa kimelala kwenye theluji. Mbio zikafutwa. Sikubofya.

Robo ya nne imebaki dakika sita, tuko nyuma kwa pointi nne, na kidude kinasema kumi na nne. Jericho akaja kando kunywa maji wakati wa mapumziko mafupi. Midomo imekauka, jasho linatoa moshi. Akanitazama usoni, yeye mwenyewe aliyenikataza kumtazama.

"Mzee, zimebaki ngapi?"

Nikakitazama kidude badala yake. "Moja."

"Moja?" Akashika paja la kushoto. "Haiwezekani. Miguu inaniambia nimeshapita zamani."

Pale ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningeinua ngumi tu. Hakuna ambaye angeweza kunishusha mkono mbele ya watu elfu sitini. Ningefukuzwa kesho yake, nikaenda kukaa na kiti cha Loretta kisicho na mtu, basi. Kocha alikuwa nyuma ya bega langu. Nikacheka.

"Miguu haijaenda shule, mwanangu," nikamwambia. "Haijui kuhesabu."

Akacheka na yeye. Aliniamini. Akagonga helmeti yangu ya akiba kwa ngumi kama kunishukuru, akarudi ndani.

Alipewa mpira. Akakata kushoto, na hakuna aliyemgusa. Hilo watu hawalisemi. Beki wa karibu alikuwa mbali hatua mbili. Alikanyaga kugeuka, goti likaenda upande wake na mwili upande wake, akaanguka bila kelele. Mpira ukabaki umekumbatiwa kifuani hadi walipokuja na machela.

Dole gumba langu lilibofya. Kumi na tano.

Tulishindwa, kama mnataka kujua.

Jumanne wakaniita ghorofani. Kulikuwa na bwana mkubwa wa timu, mwanasheria wake, Kocha Haldane akitazama nje dirishani, na Daktari Oyler. Wakaniwekea karatasi yenye sentensi moja: mchezaji alibeba mpira mara kumi na tano, kwa mujibu wa kikomo cha daktari. Pa kuweka sahihi pameshachorwa mstari.

"Ni utaratibu tu, Cass," bwana mkubwa akasema. Wao kila uchafu wana jina lake safi.

Daktari Oyler akaegemea mbele. Alikuwa na macho mekundu, na mimi nilimwita mkavu. "Bwana Jablonski, goti lile halikufa kwa mbio kumi na tano. Nimelifungua, nimeliona. Kulikuwa na nyingine?"

Kocha hakugeuka. Mwanasheria akagusa kalamu. Yule mwanamke alikuwa amenifungulia mlango, akaushikilia wazi kabisa. Mimi ningetamka sita. Neno moja.

"Kumi na tano, daktari," nikasema. Nikaweka sahihi kwa mwandiko wangu wa darasa la tisa.

Nimewalaumu watu wale kila siku tangu hapo, na nitawalaumu hadi nizikwe. Haldane alipewa timu nyingine, kubwa zaidi. Bwana mkubwa alimwachisha kazi Jericho mwezi wa Machi kwa barua ya mistari minne. Wao ndio walioona mtu kama kitu cha kutumia kikachakaa. Lakini nikimaliza kuwalaumu, nikishaosha sahani yangu moja na kikombe kimoja, dole gumba langu bado liko mkononi mwangu, si mwao.

Aprili, mama yake alikuja kuchukua vitu vya mwanawe vilivyobaki kabatini. Ernestine Tibbs, mwanamke mfupi kutoka Alabama, kofia ya kanisani, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Nikampa mfuko: viatu viwili, redio ndogo, Biblia, taulo mbili. Taulo nilizikunja mwenyewe.

"Wewe ndiye mzee Cass," akasema.

"Ndiye mimi, mama. Jericho hajambo?"

"Anakaa sebuleni kwangu, pazia limefungwa. Daktari Oyler amepiga simu mara tatu, anasema kuna upasuaji wa pili, goti linaweza kurudi, labda hata acheze tena. Hataki kusikia. Anasema mwili wake si wa kazi hii. Anaona haya kutoka nje, kaka yangu. Wavulana wa mtaani wakimsalimia, anaingia ndani."

Nikasema pole.

Akakaa juu ya lile kreti la mipira bila kukaribishwa. "Siku ile nilikuwa jukwaani. Sheria za mchezo huu sizijui, hata bendera sijui za nini. Nahesabu kitu kimoja tu. Kila mwanangu akianguka akainuka, nasema asante Yesu. Siku ile nilisema mara ishirini. Ya ishirini na moja sikuisema, unajua mwenyewe kwa nini."

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka nyuma yangu. Nilishukuru kelele yake.

"Nikamwambia Jericho. Nikamwambia, mwanangu, umeanguka mara ishirini na moja, si kumi na tano, hakuna goti la binadamu ambalo lingestahimili. Unajua alinijibu nini? 'Mama, wewe ulikuwa unalia, umekosea. Mzee Cass alihesabu kumi na tano. Mzee hana sababu ya kunidanganya.'"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari: chumba cha kufulia, kocha, karatasi, mwanasheria. Vyote vilikuwa kweli. Nikaona vilivyo, visingizio vya mtu aliyekuwa na mkono mzima na hakuuinua. Nikaufunga mdomo.

Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko nilivyostahili. Kisha akainuka, akachukua mfuko, akafika mlangoni na kugeuka. Hakupandisha sauti. Namba yao ya Alabama ninayo, imebandikwa kwenye jokofu, na hadi leo sijaipiga. Aliniuliza hivi:

"Nikifika nyumbani, nimwambie nani aliyekuwa dhaifu siku ile, yeye au wewe?"