Nyama Atakayokula Kaisa

Risasi ya tatu ilipolia, mume wangu Reino aliweka bunduki chini. Alitembea hadi kwenye ubao wa shabaha mwisho wa shimo la kokoto, akarudi amebana midomo. Mimi nilikuwa ndani ya gari na chupa ya kahawa, na nilishajua.

"Moja juu, moja kushoto, moja sijui imekwenda kwa nani."

"Labda upepo," nikasema.

"Upepo gani, mama? Hata theluji inaanguka wima."

Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa kesho yake. Miaka yote mume wangu ametumia risasi za kawaida, zenye kiini cha madini ya risasi. Mimi ndiye ninayekata nyama, na hukata upana wa kiganja kuzunguka jeraha nikatupa, nikiona inatosha. Lakini mjukuu wetu Kaisa, anayekaa kwetu na mumewe majira haya ya baridi, ana mimba. Kliniki wamemwambia risasi hizo zikigonga mfupa humeguka vipande vidogo kuliko chumvi, vikaenda mbali ndani ya nyama, navyo ni sumu kwa mtoto aliye tumboni. Jumapili nilipoweka soseji za kulungu mezani, alikula viazi tu. Akamshika babu yake mkono.

"Si wewe, babu. Ni kipindi hiki tu."

Reino alicheka naye. Asubuhi yake alikwenda mjini kununua risasi za shaba tupu.

Na sasa shaba ilikuwa inamtawanyikia ubaoni.

"Narudi kwenye zile za zamani," alisema.

"Na Kaisa?"

"Basi siendi kabisa. Nikimjeruhi kulungu akaenda kufia kwenye kinamasi, atamla nani? Kunguru. Risasi nisiyoiamini siwezi kumpiga nayo mnyama."

Hakusema kwa hasira; ndivyo alivyo. Nilishuka garini, nikapanda tena. Kahawa ilinipoa mkononi.

Mara akaja jirani yetu Verner, wa ng'ambo ya ziwa, na bunduki yake.

"Reino! Unaulenga ubao au unaupalilia?"

"Nyamaza. Hizi shaba unazozisifu ni takataka."

Verner aliliokota boksi, akalisoma. "Umenunua uzito uleule wa siku zote?"

"Nibadili kwa nini? Bunduki si ileile?"

"Ndiyo kosa lenyewe, mzee. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Ili ifikie uzito ule, lazima irefuke, na mtutu wako wa kizamani hauwezi kuizungusha vizuri. Inayumba kama mimi nikitoka kwenye mvuke wa sauna. Mwaka juzi yalinikuta hayohayo, nikamlaumu mke wangu. Chukua nyepesi."

"Duka limeshafungwa."

Verner alijipapasa mfukoni. Bunduki zao ni za aina moja. "Zimebaki saba. Chukua tano."

"Na wewe?"

"Kulungu mmoja, risasi moja. Ya pili ni ya kujifurahisha."

Kwanza alimkalisha Reino chini wausafishe mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kisha Reino akapiga mara tatu. Safari hii nilikwenda naye ubaoni, na matundu yote matatu niliyafunika kwa kifuniko cha chupa ya kahawa.

Waliondoka pamoja alfajiri na makoti yao ya rangi ya chungwa. Nilibaki nakanda mkate wa iliki, masikio yangu yakiwa msituni. Mlio mmoja ni habari njema. Miwili ikifuatana, mara nyingi mnyama amejeruhiwa.

Kulipopambazuka, mlio mmoja ulitoka upande wa kinamasi. Nikashukuru. Kisha ukaja wa pili.

Kaisa alitokea mlangoni. "Bibi, mbona unaukanda mkate kama una ugomvi nao?"

"Umesikia miwili?"

Alivuta kiti karibu yangu, akaanza kumenya vitunguu bila kuombwa, bega lake likigusa langu. Tulikaa hivyo mpaka Reino akatokea uani akiburuta kulungu.

"Na mlio wa pili?" nilimwuliza kabla hajavua kofia.

"Verner huyo. Kakosa. Sasa anasema ile ndiyo ilikuwa ya kujifurahisha."

Reino alipokuwa akichuna aliikuta risasi imekwama chini ya ngozi, upande wa pili. Ilikuwa imefunguka kama ua, petali zote nne zipo, hakuna kilichomeguka. Aliiosha kwa sabuni.

Jioni nilikaanga sarara kwa siagi na vitunguu, kama tufanyavyo kila siku ya kwanza ya msimu. Reino aliiweka ile shaba kando ya sahani ya Kaisa. Hakugusa uma wake. Kaisa aliigeuza vidoleni, akazihesabu petali. Kisha akala. Akala tena.

"Babu, hicho kipande kilichobaki ni cha nani?"

"Cha Verner."

"Kwani Verner ana mimba?"

Reino alicheka mpaka akafuta macho, akamsogezea sahani. Verner tulimpelekea paja zima.