Kamba za Likizo

Ijumaa ya kufunga shule, Mwalimu Mkuu Zebedayo alifunga pia stoo ya chakula, akaijaribu kufuli, akautia ufunguo mfukoni. Ndani yalibaki magunia ya unga wa mahindi ya njano, ule ambao watu waliuita Yanga. Hedwiga, mpishi wa shule, alikuwa bado anasugua masufuria.

"Mwalimu, sasa hawa watakula nini likizo?"

"Unga ni wa wanafunzi, mama. Likizo hakuna wanafunzi. Kuna watoto tu."

Alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Aliagizwa hivyo na wakubwa, naye agizo alilipenda kuliko uji.

Mwaka ule mvua iliwapa watu kisogo. Familia za wakata mkonge zilikuwa zimehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, chini ya milima, mahali ambapo mahindi yalikaukia kiunoni. Kabla Juni haijaisha, watoto walianza kuwa wepesi. Upepo wa alasiri ulipovuma waliinuka, kwanza visigino, kisha wakafika usawa wa mapaa. Kamba za katani hazikuwa shida pale. Kila mtoto akafungwa mlangoni kwao asubuhi, na jioni wazazi wakirudi kutoka shambani walimvuta chini, wakamwogesha, wakamlaza na jiwe juu ya shuka.

Mwepesi kuliko wote alikuwa Ziada. Mama yake alizikwa Kasulu walikotoka, na baba yake, Sefu, alitoka alfajiri akarudi giza limeshaingia. Hedwiga alipoona kamba ya mtoto imechakaa, aliifungua mlangoni akajifunga yeye kiunoni. Tangu hapo alifagia, akateka maji na kuokota kuni, Ziada yuko juu yake. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na upweke ulimla hata akawa anamwamkia paka. Alipenda jinsi kamba ilivyomvuta kidogo anapotembea. Aliona haya kupenda kitu kama hicho, lakini alikipenda.

"Unaona nini huko?"

"Namwona baba. Ameinama."

"Na kwetu Mhezi, kule mlimani?"

"Naona moshi. Wanapika."

Kuwalisha watoto, kwanza alikosea. Alichukua unga wake mwenyewe akapika uji, kwa kuwa miaka yote kazi yake ilikuwa uji. Watoto walikunywa wakashuka, wakakojoa, wakapaa tena. Hedwiga alijicheka: Mpare mzima, amesahau makande! Mahindi alibakiwa nayo kidogo. Maharage hakuwa nayo, akapanda Mhezi kwa kaka yake, Eliamini, na Ziada kiunoni.

Alikuta pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, imelia, na kila nyumba imetoa mtu wa kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba.

"Shikamoo kaka. Naomba pembe ipigwe na kwa ajili ya watoto wa bondeni. Kila nyumba itoe kibaba tu."

"Marahaba. Pembe ni ya maji na njia, dada. Hao ni watoto wa manamba, wana kwao."

Akatazama juu. "Huyo mshike vizuri, asiniharibie migomba."

Hata hivyo alimpa maharage, mzigo wa kichwa kimoja. Damu nzito kuliko maji.

Makande yaliwashusha watoto. Walikula mlangoni kwa Hedwiga, wakacheza chini hadi kesho yake, na Hedwiga aliimba akiosha vyombo. Kisha maharage yakaisha, na likizo ilikuwa bado. Watoto wakapanda juu kuliko mwanzo. Ziada alifika mahali ambapo sauti yake haikusikika, na Hedwiga akawa anaongea peke yake. Kamba ya mtoto mmoja, Linus, ilikatika, akaenda upande wa Mkomazi.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu aliliita jina la Linus, akangoja, akasema amehama. Stoo ikafunguliwa. Wadudu walikuwa wamenenepa. Unga ukachekechwa, uji ukapikwa, na watoto wakashuka mmoja mmoja, Ziada wa mwisho.

Novemba kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mama yake Linus aliuliza habari ya unga. Mwalimu alimjibu kwamba unga ni wa wanafunzi. Kisha akatangaza kwamba siku ya kufunga shule kila mzazi aje na kamba mpya, kwa usalama wa watoto. Watu wakapiga makofi.

Siku ya kufunga shule Sefu alikuwa shambani. Hedwiga alipanga foleni na wazazi, mkononi ana kamba aliyoisokota mwenyewe. Ziada alipoitwa, Hedwiga ndiye aliyesogea mbele, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani kwa mtoto.

Mwalimu aliivuta kamba kuipima.

"Hii nzuri, mama. Hii itamfaa."

Kisha akaenda kufunga stoo.