Vitundu Vitatu Visivyoshonwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala kifudifudi, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa ndivyo nilivyolala. Jana walinipasua jicho la kulia. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, ilibanduka nilipopigwa na mpira bwenini. Wameirudisha na kuacha kiputo cha gesi ndani kiishikilie. Amri ni moja: uso chini, nje ya ukingo wa kitanda. Nikitazama juu kiputo kinahama, na jicho ndiyo basi tena.

Vifaa vitatu vya upasuaji, vyembamba kama sindano, vinaingia wodini vimevaa sare za viranja. Wa kwanza anamwaga maji, wa pili ana tochi, wa tatu anatafuna.

"Unatafuna nini, kiranja?" nauliza kwa heshima zote.

"Ute wa jicho lako."

"Na mtanishona lini?"

"Hatushoni. Vitundu vyetu hujifunga vyenyewe, mgonjwa akitulia. Wewe umewahi kutulia?"

Naomba muda wa kufikiri.

Wodi inakuwa uwanja wa paredi. Shule nzima imelala kifudifudi, mwalimu mkuu akiwemo, tai yake mchangani. Anayeinua uso, kiranja wa tochi anamzima kama taa. Hakuna anayelia. Wanazimwa tu.

"Lusajo."

Ni mama. Tulimzika mwezi wa tano.

"Nitazame, mwanangu. Nimepewa ruhusa fupi."

"Siwezi, mama. Nina kiputo."

"Hata kidogo?"

Naona visigino vyake tu, vina udongo mwekundu. Shingo yangu inaanza kuinuka yenyewe.

"Mimi nahama," kiputo kinasema.

Tochi inageukia kwangu.

Mama anaguna, kama alivyoguna siku nilipotia chumvi kwenye kopo la sukari. "Mtoto huyu atanichosha hata huko niliko." Kisha anajilaza chali sakafuni, uso wake chini ya wangu. Uwanja umekuwa wodi tena. Tunatazamana.

"Wamekushona?"

"Hapana, mama. Panajifunga penyewe, nikitulia."

"Basi tulia."

Nimeamshwa na dada wa usafi. Anapiga deki chini ya ukingo wa kitanda, anarudia palepale, anasonya.

"We mdogo wangu, hapa pamemwagika nini? Mbona hapalowi?"

Natazama kwa jicho zima, bila kuinua uso. Sakafu yote imelowa, isipokuwa mahali pamoja pakavu, urefu wa mtu. Upande wa miguuni kuna udongo mwekundu kidogo.